Modeli ya B.E.2c kwa Kipimo cha 1:72: Tathmini kutoka Mtwara

Seti ya plastiki ya kuunga modeli ya B.E.2c, ndege ya upelelezi ya Kiingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa kipimo cha 1:72, ni bidhaa nzuri kwa mtu mzima mwenye subira na mkono mtulivu, na ni bidhaa mbaya kwa anayetafuta zawadi ya sikukuu ya kumpa mtoto. Ninaanza na hukumu hiyo kwa sababu picha iliyo juu ya boksi inaweza kumdanganya mnunuzi: inaonyesha ndege iliyokamilika, iliyopakwa rangi na kufungwa nyaya zote, ilhali ndani ya boksi hamna uzi, gundi wala rangi. Kilichomo ni fremu chache za plastiki ya kijivu zenye vipande vilivyoshikiliwa kwa vijiti vyembamba, kipande kimoja cha plastiki angavu kwa ajili ya kioo cha mbele, karatasi ya stika za kulowekwa majini, na kijitabu cha maelekezo ya michoro. Mengine yote atajitafutia mnunuzi mwenyewe. Kwa sisi tulio Mtwara, seti huagizwa nje, hupokelewa na ndugu aliyeko Dar es Salaam, kisha hupandishwa basi kama kifurushi. Gharama ya safari hiyo yote ilikaribia bei ya seti yenyewe.

Nilitaka modeli hii kwa ajili ya darasa. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na kila ninapofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanafunzi husikiliza habari za mahandaki ya Ufaransa kama hadithi za nchi nyingine, ingawa vita hiyohiyo ilipita Kilwa, ikapita Lindi, ikapanda bonde la Lukuledi na kuvuka Ruvuma. B.E.2c ni miongoni mwa vitu vichache vilivyokuwapo pande zote mbili. Ilifanya upelelezi juu ya mahandaki ya Ufaransa, na ilifanya upelelezi juu ya nyika za Afrika Mashariki, na jambo lililonivutia zaidi ni kwamba sifa moja ileile iliyoifanya iwe mtego wa mauti kule ndiyo iliyoifanya ifae huku. Kwa hiyo nimeipima seti hii kwa kipimo changu mwenyewe: je, mtu akiishika mkononi ataiona sifa hiyo?

Kwanza ukubwa. Ndege halisi ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 11.28 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 8.31, kwa hiyo modeli iliyokamilika inafikia karibu sentimita 16 kwa sentimita 11.5. Inakaa vizuri juu ya kiganja. Udogo huo una faida ya bei na hasara ya macho, kwani baadhi ya vipande ni vyembamba kuliko njiti ya kibiriti, na usiku chini ya taa ya kawaida si rahisi kutofautisha kipande na kijiti kilichokishikilia.

Umbo lenyewe limetendewa haki, na hapa inabidi nieleze ndege ilikotoka. Mwaka 1911 karakana ya serikali ya Uingereza iliyoko Farnborough ilikuwa na ruhusa ya kutengeneza ndege zilizoharibika, si kuunda mpya. Mkuu wake, Mervyn O'Gorman, na mbunifu wake kijana, Geoffrey de Havilland, wakapata njia ya pembeni: ililetwa ndege ya Kifaransa aina ya Voisin ili ikarabatiwe, na iliyotoka karakanani ilikuwa ndege nyingine kabisa, yenye injini mbele badala ya nyuma, huku kilichobaki cha ile ya zamani kikiwa karibu injini peke yake. Ndege hiyo, B.E.1, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 1911, de Havilland mwenyewe akiwa rubani. B.E.2 ilifuata mapema mwaka 1912, na mwezi Agosti mwaka huo ikawa kivutio katika mashindano ya ndege za kijeshi huko Larkhill, ingawa haikuruhusiwa kushindania zawadi, kwa kuwa O'Gorman alikuwa mmoja wa waamuzi. Wakati wa mashindano hayo de Havilland alipanda nayo hadi zaidi ya mita 3,000, akiwa amempakia abiria, na kuweka rekodi ya Uingereza. Wanafunzi wangu walifurahia zaidi ile habari ya ukarabati wa uongo kuliko rekodi. Mtu aliyewahi kuona gari kuukuu likirudi barabarani na vipuri vipya vyote isipokuwa namba ya usajili ataelewa kwa nini.

Lakini aina inayoungwa kwa seti hii, B.E.2c, si ile ya 1912. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1914, muda mfupi kabla ya vita, na ilikuwa matunda ya kazi ya mhandisi kijana wa karakana hiyo, Edward Busk, ambaye alitafuta kwa hesabu na kwa majaribio ya angani namna ya kuunda ndege inayojisawazisha yenyewe. Mabawa yaliinuliwa kidogo kuelekea nchani, bawa la juu likasogezwa mbele ya lile la chini, mkia ukabadilishwa, na badala ya kupinda bawa zima ili kuiinamisha ndege, kama ilivyokuwa kwa aina za awali, yakawekwa mapezi yenye bawaba kwenye kingo za nyuma za mabawa. Matokeo yalikuwa ndege ambayo upepo ukiisukuma inarudi yenyewe mahali pake, na ambayo rubani aliweza kuiachia usukani kwa muda mrefu akaandika, akachora ramani au akatazama chini kwa utulivu. Busk hakuiona ikienda vitani kwa wingi. Alikufa Novemba 1914 ndege ya aina hiyohiyo ilipowaka moto akiwa angani.

Katika modeli, mambo hayo yote yanaonekana. Mwinuko wa mabawa umetengenezwa ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo muungaji hahitaji kukisia pembe. Bawa la juu linatangulia mbele jinsi inavyotakiwa. Mapezi yamechorwa kwa mistari iliyo wazi. Na nguo ya kitani iliyofunika mbavu za mabawa imeigwa kwa mabonde mepesi badala ya matuta mazito yanayoharibu modeli nyingi za bei nafuu. Injini ya mitungi 8 iliyopozwa kwa hewa, yenye nguvu za farasi 90, imekaa nje nusu kama ilivyokuwa, na mabomba mawili ya moshi yanapanda wima hadi juu ya bawa. Panga boi lina mapanga manne. Mtu akitaka kuwaeleza vijana maana ya ndege iliyobuniwa itulie, anaishika modeli kwa mbele, anawaonyesha ule mwinuko, na maelezo yanakuwa nusu.

Kasoro kubwa ya ndege nayo imeigwa kwa uaminifu, tena labda bila mtengenezaji kukusudia. Vyumba vya kukalia ni viwili, na rubani anakaa cha nyuma. Mpelelezi yuko mbele, chini kabisa ya bawa la juu, kati ya nguzo na nyaya. Sababu yake ilikuwa ya uzito: kiti cha mbele kilikuwa karibu na kitovu cha uzito wa ndege, hivyo ndege iliweza kuruka bila mpelelezi, kwa mfano ilipobeba mabomu, bila kupoteza mizani. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi hadi adui alipopata bunduki. Ukimweka yule mwanasesere mdogo wa plastiki kwenye kiti cha mbele na kujaribu kumtafutia upande wa kufyatulia risasi, utaona mwenyewe kwamba mbele yake kuna panga boi, juu kuna bawa, kando kuna nguzo, na nyuma kuna kichwa cha rubani wake.

Katika nusu ya pili ya mwaka 1915, ndege za Kijerumani aina ya Fokker, zenye bunduki ya rashasha iliyopangwa kufyatua kati ya mapanga yanayozunguka, zilianza kuwawinda wapelelezi wa Kiingereza juu ya Ufaransa. B.E.2c haikuweza kukimbia, kwa kuwa kasi yake ilikuwa kama kilomita 116 kwa saa. Haikuweza kupanda haraka, kwa kuwa kufika mita 3,000 kuliichukua kama dakika 45. Wala haikuweza kukwepa kwa wepesi, kwani ndege iliyobuniwa irudi yenyewe kwenye mstari hupinga mkono wa rubani anayetaka kuitoa kwenye mstari huo. Mwaka 1916 mbunge Noel Pemberton Billing alisema Bungeni London kwamba baadhi ya marubani waliokufa walikuwa wameuawa hasa, si kufa vitani, na uchunguzi rasmi ukafuata. Hata hivyo viwanda viliendelea kuzitoa, na kwa ujumla familia ya B.E.2 ilifikia ndege kama 3,500. Katika jambo hili mimi ninamlaumu aliyeendelea kuagiza zaidi kuliko aliyebuni. Mbuni aliombwa ndege ya kutazamia, akatoa ndege ya kutazamia.

Uthibitisho wa hilo uko mahali pawili ambapo ndege ya adui haikuwa tishio. Pa kwanza ni anga ya Uingereza usiku, ambako utulivu wa B.E.2c uliwafaa marubani waliolazimika kuruka na kutua gizani: usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1916, William Leefe Robinson aliangusha kwa ndege ya aina hii meli ya angani ya Kijerumani SL 11, yaani puto kubwa la gesi lenye injini, karibu na London, akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Pa pili ni huku kwetu.

Wajerumani hawakuwa na kikosi cha ndege Afrika Mashariki. Waingereza walianza na ndege za jeshi la maji: mwezi Julai 1915, kutoka kiwanja kilichokuwa Kisiwa cha Mafia, ndege za Henri Farman na Caudron ziliongoza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg ndani ya delta ya Rufiji. Januari 1916 kikosi namba 26 cha anga, kilichoundwa Uingereza kwa askari wengi kutoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa na ndege za B.E.2c na Henri Farman, kikaanzia kazi Mbuyuni karibu na Taveta, kisha kikafuata majeshi kuelekea kusini, na mwaka 1917 kilikuwa kikiruka kutoka Kilwa. Katika miaka hiyo yote hakuna rubani wa B.E.2c aliyelazimika kumtafuta Fokker nyuma ya bega lake. Tishio lilitoka chini, kwa risasi za bunduki, na zaidi ya hapo lilitoka kwenye injini yenyewe, kwa sababu aliyezimikiwa na injini juu ya pori alipaswa kutafuta uwazi, kutua, na kurudi kwa miguu.

Ndege ambayo inaweza kukaa angani saa 3 na robo, ikienda yenyewe wakati mtu aliye mbele anachora mito na njia ambazo ramani za wakati huo ziliziweka ovyo, ilikuwa chombo sahihi kwa nchi hii. Kwa mstari ulionyooka, ingetoka Mtwara hadi Lindi kwa kama nusu saa. Siwezi kusema kwamba iliona kila kitu, maana pori liliwaficha askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa urahisi, na mpelelezi aliyepita juu ya miti aliweza kuona miti tu. Mapigano ya Mahiwa, yaliyopiganwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Lindi, yaliwagharimu Waingereza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea, na mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Mwezi huohuo wa Novemba meli ya angani L 59 ilitoka Bulgaria ikiwa na shehena ya dawa na risasi ya kuwaletea Wajerumani kwenye uwanda wa Makonde. Ilifika Sudan ikaamriwa kurudi. Laiti ingefika, wazee wa Newala wangekuwa na la kusimulia.

Joto lilikuwa adui mwingine. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo mabawa hubeba kidogo na injini hupata pumzi pungufu, na injini ya farasi 90 haikuwa na akiba. Fundi seremala mmoja wa mtaa wa Shangani, Mmakonde, ambaye nilimwomba anitengenezee kibao cha kuwekea modeli, aliigeuzageuza mkononi kisha akauliza, "Mwalimu, hii ya kweli ilikuwa ya bati?" Nilipomjibu kwamba ilikuwa mbao na nguo, akatikisa kichwa akasema, "Basi hapa kwetu ingewasumbua. Mbao ya Ulaya ukiileta kwenye jua hili inanywea, na kila kilichofungwa kinalegea." Alisema kweli. Mbao nyepesi za ubavuni zilisinyaa katika kiangazi na kuvimba katika masika, nyaya zikalegea na kukaza kupita kiasi, na mafundi walikuwa na kazi ya kudumu ya kuyanyoosha mabawa upya. Utulivu wa ndege hii ulitegemea pembe, na pembe zilitegemea nyaya.

Kijitabu cha seti hakigusi lolote kati ya hayo. Stika zinampa muungaji njia mbili tu, ndege ya Ufaransa na ndege ya ulinzi wa usiku wa Uingereza, na historia fupi iliyochapishwa ukurasa wa kwanza inakomea hapo. Ninahesabu hili kuwa kosa la msingi la bidhaa, maana namba ya mkiani ya ndege iliyoruka huku ni kitu kidogo sana kuchapa, na ingefungua soko la wasomaji wa pande hizi pamoja na Afrika Kusini. Ndani ya boksi mna wanasesere wawili, rubani na mpelelezi, wote Wazungu waliovaa makoti ya manyoya. Katika nchi hii petroli, mabomu na vipuri vilifika viwanjani kwa magari pale palipopitika, na penginepo kwa vichwa vya wapagazi, ambao walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa na maradhi. Mpagazi mmoja wa plastiki mwenye debe kichwani angelifundisha darasa langu zaidi ya koti la manyoya.

Sasa kuunga. Kiwiliwili kinakubali vizuri, na mstari wa kiungo unahitaji msasa mwepesi tu. Bawa la chini linaingia mahali pake bila ugomvi. Taabu inaanza kwenye bawa la juu, ambalo linabebwa na nguzo fupi nne za katikati na nguzo ndefu nane za kando, zote zikitakiwa kusimama kwa mlalo mmoja kabla gundi haijakauka. Maelekezo yanasema ziwekwe zote kwa pamoja. Ninashauri vinginevyo: gundisha zile za katikati kwanza, laza bawa juu yake, egemeza ncha zake kwa vitabu vya urefu sawa, acha usiku kucha, kisha ingiza za kando moja baada ya nyingine. Katika unyevu wa pwani yetu rangi ya mafuta inachelewa sana kukauka, na asiyeipa muda atabakiza alama za vidole kwenye kila bawa.

Nyaya ndizo zitakazoamua kama modeli yako itafanana na B.E.2c au na banda la kuku. Ndege halisi ilitumia nyaya bapa zilizochongwa kupunguza ukinzani wa hewa, na zilikuwa nyingi. Nilijaribu uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ule unaopatikana karibu na mnada wa samaki, nikauona mnene mno kwa kipimo hiki. Kilichofaa ni mabaki ya fremu za seti yenyewe: kijiti kinapashwa juu ya mshumaa hadi kilainike, kinatolewa motoni, kinavutwa taratibu kwa mikono miwili, nacho kinakuwa uzi mwembamba kama unywele unaokatwa kwa urefu na kugundishwa kwa tone dogo. Ni kazi ya jioni nyingi. Kijitabu kina mchoro mmoja tu wa nyaya, mdogo, wa upande mmoja, na hauonyeshi zile zinazotoka kwenye mabawa kwenda kwenye magurudumu. Muungaji atafute picha za ndege iliyohifadhiwa katika makumbusho ya vita ya Uingereza, ambazo zinaonyesha kila waya.

Rangi si tatizo. Nguo ya kitani ambayo haikupakwa rangi ya kuficha ilikuwa na weupe wa malai, na kopo la kawaida la rangi nyeupe likichanganywa na tone la kahawia linatosha. Stika zilikaa vizuri, isipokuwa zile za duara kubwa chini ya bawa, ambazo zilikunjamana kwenye mabonde ya mbavu hadi nilipozilainisha kwa maji ya uvuguvugu.

Kwa mwalimu, kwa mpenzi wa historia ya kusini, na kwa mtu aliyewahi kuunga angalau modeli mbili za ndege za bawa moja, ninaipendekeza seti hii kwa bei inayouzwa nje, na ninaipendekeza kwa shingo upande kwa bei inayofika nayo Mtwara. Anayeianza kama modeli yake ya kwanza aiache. Anayeagiza amwombe muuzaji alifunge boksi ndani ya boksi jingine lililojazwa karatasi, kwa sababu zile nguzo fupi za katikati hazivumilii safari. Mbili kati ya zangu zilifika zimekatika, muuzaji akanijibu kwamba vifurushi vya basi si wajibu wake, nami nikazichonga upya kwa njiti za bambuu.